Valerian Ngusa, Mwalimu wa Watu wa Mitaro, 1979–2025

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, wafanyakazi wenza wa marehemu, ndugu na majirani wote mliofika hapa Songwa leo, Jumatano tarehe 12 Machi 2025: wasifu huu umeandikwa na familia nzima ikiwa imekaa pamoja, na unasomwa na kaka mkubwa wa marehemu, Donatus Ngusa, kwa ombi lake mwenyewe. Familia inaomba usikilizwe mpaka neno la mwisho. Ndani yake kuna jambo ambalo marehemu aliagiza lisemwe mbele ya watu, na wengi wenu mmefika msibani mkiwa na habari nyingine kabisa. Mwezi mmoja uliopita Valerian alikuwa mzima, anacheka, anabeba mfuniko wa zege na mwenzake kama anabeba meza. Walioandika mistari hii kalamu ziliwasimama mikononi mara nyingi. Bado hawajaamini.

Valerian alizaliwa Jumanne tarehe 14 Agosti 1979, hapa hapa Songwa, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Ngusa Lubinza, aliyekuwa mlinzi kule Mwadui, na marehemu Mama Lusia Kabula. Mama Lusia alifariki mwaka 1982, Valerian akiwa hata hajafikisha miaka mitatu. Donatus, aliyekuwa na miaka tisa, alibaki na baba kuchunga ng'ombe. Valerian alichukuliwa na mama yake mdogo, Minza Kabula, ambaye wengi hapa mnamwita Mayu Minza, yaani Mama Minza. Mayu alikuwa binti wa miaka ishirini na minane, mjane asiye na mtoto. Alimbeba, akamlisha, akamfundisha kusali na kuosha miguu kabla ya kulala. Valerian hakujua mama mwingine.

Mwaka 1985 aliugua malaria kali, akachomwa sindano ya kwinini. Sindano ile iligusa mshipa, na mguu wake wa kulia ukalala. Kwa miezi kumi na moja hakuweza kuukanyagia. Mayu Minza aliukanda kila asubuhi kwa maji ya moto na mafuta ya pamba mpaka ukaamka. Mguu ulipona, lakini hofu ya sindano haikumtoka tena. Akiwa mtu mzima, baba wa watoto watatu, alikuwa akisikia wanakwenda kliniki anatafuta kazi ya kufanya nyuma ya nyumba.

Alianza darasa la kwanza hapa kijijini mwaka 1987, akamaliza la saba mwaka 1993. Shuleni alipewa kazi ya kugonga kengele, yaani rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo. Wanafunzi wenzake wanakumbuka kwamba hakuna aliyeweza kumshawishi aigonge mapema, hata siku ya njaa, hata aahidiwe muwa. "Bado," alikuwa akisema, na ukishasikia hilo bado, umekwisha. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Alimsaidia Mayu shambani kwa miaka mitatu, pamba na dengu, kisha mwaka 1997, akiwa na miaka kumi na minane, akaenda Geita kutafuta dhahabu kama vijana wengi wa huku.

Geita alichimba kwa miaka minne. Alipenda kusimulia mambo ya machimboni, karasha za kusaga mawe zinavyonguruma, watu wa kila kabila wanavyokula sahani moja, lakini kuna asubuhi moja aliyoisimulia kazini tu, hakuwahi kuisimulia nyumbani. Mwezi Juni 2001, rafiki yake Wiliam alishuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, lililokuwa limefungwa wiki mbili. Hakujibu alipoitwa. Mtu wa pili akashuka kumfuata, naye akanyamaza. Wa tatu akashuka. Valerian alikuwa wa nne, ameshika kamba, mguu mmoja umeshaingia. Mchimbaji mmoja wa Tarime, Marwa, alimkamata kiunoni akamwangusha chini akamlalia.

"Niache! Wanakufa!" Valerian alipiga kelele.

"Wameshakufa," Marwa alimwambia sikioni. "Ukishuka, mimi nitalazimika kukufuata. Unaniua mimi."

Wote watatu walitolewa wakiwa maiti. Hewa ya mle ndani haikuwa na rangi wala harufu. Valerian alirudi Songwa wiki hiyo hiyo, na Mayu Minza anasema alilala siku mbili mlango wazi, hataki ufungwe.

Baadaye alijifunza udereva, akapata leseni mwaka 2004, na kuanzia 2006 aliendesha malori ya mpunga kati ya Kagongwa na Isaka. Kagongwa ndiko alikokutana na Epifania, binti wa Ushirombo aliyekuwa akiuza mchele kwa jumla. Valerian alikuwa anapakia magunia, na Epifania akamwambia mbele ya watu kwamba amefunga kamba vibaya, gunia la juu litaanguka. Alikataa kumsikiliza. Gunia lilianguka njia panda, hata mji hajautoka. Alirudi akaokota mchele pamoja naye, na kwa maneno yake mwenyewe, "nilipomaliza kuokota nikawa nimeshachumbia." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 27 Septemba 2008, huko Ushirombo. Mungu aliwajalia watoto watatu: Goodness mwaka 2009, Gelasius mwaka 2012, na Lusia mwaka 2017, aliyepewa jina la bibi yake.

Mwaka 2012 Valerian alianza kuendesha gari la kunyonya majitaka mjini Kahama. Kazi hii watu wanaihitaji na kuidharau kwa pumzi moja. Jumapili ya kwanza baada ya habari kuenea, watu wawili waliokuwa kwenye benchi lao kanisani walisogea, ingawa Valerian alikuwa ameoga mara tatu na kujipaka limao. Epifania aliona. Badala ya kununa, alisogea naye, upande wa mume wake, akabanana naye kabisa, benchi lote likabaki tupu upande wa pili. Valerian alisema siku ile ndiyo alijua ameoa.

Ndipo likaja jambo lililomfanya aitwe Mwalimu. Mwaka 2016, walipokuwa wakizibua chemba ya barabarani, mwenzao mmoja alitaka kushuka akachomoe gunia lililoziba. Kila mtu alikuwa akifanya hivyo. Valerian alikaa juu ya tundu. Alikalia tundu la chemba, mbele ya madereva waliokuwa wanapiga honi na msimamizi aliyekuwa anamfokea kwenye simu, akakataa kunyanyuka mpaka ndoano ndefu ikatafutwa na gunia likavutwa kutoka juu. Kesho yake aliitwa ofisini. Alijua anafukuzwa. Alivaa shati la kanisani. Badala yake mkurugenzi alimuuliza, "Hayo uliyafundishwa wapi?" Valerian akasema, "Geita, na waliolipa ada ni watu watatu." Mwaka 2018 alipelekwa Mwanza kwa mafunzo ya usalama, na aliporudi akakabidhiwa kufundisha vikosi vya usafi wa mitaro na magari ya majitaka, kwanza Kahama, kisha Kagongwa, Shinyanga mjini, Ushirombo na Geita.

Waliopita mikononi mwake hawawezi kusahau somo la kwanza. Alifungua mfuniko wa chemba, akawaketisha wote kuuzunguka, akatazama saa, akanyamaza. Dakika thelathini. Hakuna simu, hakuna kuondoka.

"Mwalimu," aliwahi kuuliza kijana mmoja, Innocent, ambaye leo ndiye kiongozi wa kikosi cha Kahama, "tumekuja kufundishwa au kutazama shimo?"

"Bado," alisema Valerian.

Nusu saa ilipokwisha alishusha kipima hewa kwa kamba, na mara nyingine kilipiga kelele hata baada ya muda wote ule. Hapo ndipo alifungua mdomo. "Mmeona nusu saa ilivyo ndefu? Ndiyo maana watu hawasubiri. Na ndiyo maana wanakufa. Mpira ushuke, ndoano ishuke, mtu abaki juu. Na mwenzako akianguka ndani, unaita msaada, unapuliza hewa, unavuta kamba yake. Humfuati."

Somo la pili lilikuwa la papai. Aliwasha pampu, akasogeza papai bivu kwenye mdomo wa mpira wa kunyonyea, na kufumba na kufumbua likabaki ganda. "Huo ni mkono wa mtu aliyeziba mpira kwa kiganja ili aone kama unavuta." Mpapai wa nyuma ya nyumba ulikuwa wa Epifania, naye alilalamika miaka sita mfululizo kwamba yeye na watoto hawajawahi kula papai lililoiva. Alifundisha na mengine: koni ziwekwe hatua ngapi kabla ya mtaro, nani asimame na bendera akiwa amewageukia madereva, vidole viwe wapi mtaimbo unaponyanyua zege, mtu anawe vipi kabla hajagusa chapati. Na kila Jumatatu asubuhi kikosi kilikaa, na kila mtu akasema kosa lake moja la wiki iliyopita bila kuchekwa. Valerian alianza yeye siku zote. Alikuwa akisema ajali iliyofichwa humrudia mwingine.

Kwa miaka sita, katika vikosi alivyovifundisha, hakuna aliyefia kazini. Familia haisemi hili kwa kujivuna. Inalisema kwa sababu linalofuata ni zito zaidi kwa ajili ya hilo.

Alhamisi tarehe 14 Novemba 2024, baada ya Valerian kuomba kwa miezi mingi, muuguzi alikuja kwenye yadi ya Kahama na chanjo ya pepopunda kwa kikosi kizima. Mitaro imejaa misumari, mabati na waya, na Valerian alishaeleza kwamba mdudu wa pepopunda hukaa kwenye udongo na kutu na kinyesi, na huingia mwilini kwa kidonda kidogo tu. Wanawake wa kikosi walikuwa wamechanjwa zamani walipokuwa wajawazito. Wanaume wengi hawakukumbuka mara ya mwisho. Walipanga foleni, Valerian akiita majina kwenye karatasi. Innocent alipofika mbele alirudi nyuma hatua tatu.

"Mwalimu, mimi hapana. Mimi sindano siwezi."

Valerian alimvuta pembeni, akapandisha mkono wa shati. Juu ya bega palikuwa na kipande cha pamba kimebandikwa kwa plasta.

"Mimi nimeshachomwa wa kwanza kabisa. Haiumi. Ni kama siafu mmoja. Twende."

Innocent akaenda. Na waliokuwa nyuma yake wakisitasita, nao wakaenda. Valerian aliweka alama mbele ya kila jina, na mbele ya jina lake pia.

Jumanne tarehe 18 Februari 2025, baada ya mvua kubwa, kikosi kilizibua mtaro ulio karibu na soko. Kazi iliisha saa tisa alasiri salama. Walinawa, wakavua gambuti, Valerian akavaa ndala zake. Ndipo upepo wa lori lililopita ukaangusha koni moja mtaroni. Alishuka hatua mbili kuiokota, na waya wa nondo uliokuwa umechomoza ukapita kwenye ndala ukaingia unyayoni. Alitoa damu kidogo. Akaosha kwa sabuni, akafunga kitambaa, akajicheka. "Ona sasa, Mwalimu na ndala."

Innocent hakucheka. "Twende hospitali wakakuangalie, Mwalimu. Waya una kutu ule."

"Si nilichanjwa Novemba pamoja na wewe?" alisema Valerian.

Jumatatu iliyofuata, kwenye kikao, alisimulia kosa la ndala. Hakusema lingine.

Ijumaa tarehe 28 Februari alirudi nyumbani akashindwa kutafuna ugali. Alidhani ni jino la mwisho. Epifania alimtazama akamwambia, "Baba Goodness, mbona unaongea kama mtu aliyeng'ata kitu?" Alfajiri ya Jumamosi shingo ilikuwa imekaza na mgongo unavuta. Walimpeleka hospitali Kahama, na siku hiyo hiyo akahamishiwa Shinyanga. Daktari alimtazama uso tu, akauliza, "Amewahi kuchanjwa pepopunda?"

"Amechanjwa Novemba," alisema Innocent, aliyekuwa ameendesha gari. "Nilikuwepo. Yeye alikuwa wa kwanza."

Daktari akamgeukia mgonjwa. Valerian akatikisa kichwa kukubali.

Daktari alianzisha dawa bila kusubiri, na chumba kikatiwa giza, kwa kuwa ugonjwa huu huamshwa na mwanga na kelele, hata mlango ukigonga mwili mzima unapinda kama upinde. Lakini jibu lile lilimtia shaka, akaagiza na vipimo vingine. Na nje ya wodi, kwenye mabenchi, jibu lile lilianza kazi yake. Kama mtu amechanjwa, na bado amekakamaa, basi huo si ugonjwa wa hospitali. Wengine walishika jina lenyewe: pepopunda, si ni pepo hilo? Aliyelituma nani? Donatus, anayesoma maneno haya, alikwenda kwa mganga siku ya Jumapili. Mganga alimwambia ni mwanamke wa damu yake, mzee, anakaa peke yake, macho mekundu.

Donatus hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mayu Minza ana miaka sabini na moja. Anapika kwa samadi kavu kama bibi zetu wote, na moshi umemla macho tangu ujana wake. Donatus alipiga simu Songwa. Hakumwambia mtu yeyote aende kumdhuru. Alisema tu alichoambiwa, na aliwaambia watu ambao alijua watafanya nini nacho. Jumatatu jioni mawe yakaanza kupiga bati la Mayu Minza. Waliosikia mawe hayo wapo hapa. Walioyarusha pia wapo.

Jumanne tarehe 4 Machi, saa nne asubuhi, Donatus aliingia wodini. Muuguzi, Sista Agnetha, alimruhusu kwa sharti la kunong'ona. Aliinama kwenye sikio la mdogo wake.

"Vale, tumeshamjua aliyekufanya hivi. Ni Mayu Minza. Usihofu, vijana wanashughulika."

Sista Agnetha anasema alimwona mgonjwa akifungua macho, na mwili ukapinda papo hapo, jasho likamtoka kama amemwagiwa maji. Alitaka kumtoa Donatus nje. Lakini mshtuko ulipopita, Valerian alikuwa anachezesha vidole viwili na gumba, kama mtu anayeandika hewani. Meno hayakuachana tena. Sista alimletea karatasi na kalamu, akamshikia ubao wa faili. Aliandika kwa karibu robo saa, akisimama kila mwili ulipomvuta. Karatasi yenyewe Epifania anayo. Imeandikwa hivi:

"Sikuchanjwa. Niliogopa sindano. Pamba niliibandika mwenyewe chooni ili Innocent asiogope, nikasema nitachomwa kesho, sikwenda. Ni waya wa mtaroni. Mayu hana kosa. Kimbia. Isomwe watu wasikie."

Donatus aliisoma mara mbili. Alimwambia, "Vale, wewe watu wanakuita Mwalimu. Unataka nisome hii mbele yao?"

Kwenye meno yaliyofungwa lilitoka neno moja. "Ndiyo."

Donatus alikimbia. Alipanda pikipiki kutoka Shinyanga mpaka hapa, na alipofika saa sita mchana aliukuta uzio wa katani umeng'olewa na mlango wa Mayu una ufa. Katekista Marselino alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango huo tangu alfajiri, rozari mkononi, vijana kumi hivi wakiwa wamesimama barabarani wakingoja achoke. Familia inamshukuru katekista huyu na haina namna ya kumlipa. Donatus aliwasomea vijana karatasi kwa sauti. Mmoja baada ya mwingine waliondoka. Kisha alipiga magoti mlangoni.

"Mayu, fungua. Ni mimi, Donatus. Ni mimi niliyesema. Ni waya, Mayu. Ni waya wa mtaroni. Nisamehe."

Mayu Minza akauliza kutoka ndani, mlango ungali umefungwa, "Valerian anakula?"

Mayu Minza alifika hospitali Jumatano ya Majivu, tarehe 5 Machi. Padre alikuwa amempaka Valerian mafuta ya wagonjwa na majivu asubuhi hiyo, kwa wepesi wa unyoya, asimshtue. Mayu aliambiwa asiseme na asiguse. Alikaa kwenye giza kando ya kitanda, mikono imekunjwa mapajani, mpaka jioni. Valerian alimtazama. Mara moja alisema, kwa shida, "Wabeja, Mayu," yaani asante, mama. Ndiyo maneno ya mwisho ambayo mtu yeyote aliyasikia kwake.

Madaktari na wauguzi walipigana siku nne zaidi. Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Epifania akiwa amekaa pembeni yake, misuli ya kifua ilikaza na haikulegea. Pumzi ikakatika. Alikuwa na miaka arobaini na mitano, miezi sita na siku ishirini na tatu.

Jumatatu kikosi cha Kahama kilikaa kama kawaida yake. Innocent aliwasomea wenzake karatasi. Anasema alipomaliza alitoka nje akawaacha. Alikuwa na hasira na Valerian kiasi cha kutaka kwenda kumwamsha. Kisha akakumbuka kwamba chanjo iliyomo mwilini mwake aliipata kwa ajili ya pamba ile ile. Mambo hayo mawili hajaweza kuyapatanisha, na familia nayo haijaweza. Siku hiyo hiyo kila mmoja alitakiwa alete kadi yake ya chanjo, na waliokuwa hawajamaliza dozi walikuwa saba. Walikwenda kituo cha afya pamoja, na gambuti zao miguuni, Innocent akiwa mbele.

Marehemu alikuwa mwalimu mzuri na mtu mwoga wa kitu kimoja. Alisema uongo mmoja, ukamgharimu maisha, na ulikuwa karibu kugharimu na ya mtu mwingine. Alipoona hivyo aliukata kwa mkono wake mwenyewe, akijua jina lake litapita wapi. Epifania alipoulizwa kama sehemu hii iachwe, alisema, "Someni yote. Niliolewa naye na yake yote."

Ameacha mke, Epifania; watoto watatu, Goodness, Gelasius na Lusia; kaka mmoja, Donatus; na watu wa mitaro na magari ya majitaka aliowafundisha, kutoka Ushirombo hadi Shinyanga, ambao wengi wao wamesimama pale nyuma na vizibao vyao vya kazi. Ameacha pia mama. Kwa ukoo ni mama mdogo, lakini katika familia hii kuanzia leo ataandikwa mama.

Kwa desturi yetu udongo wa kwanza hutupwa na kaka mkubwa. Donatus ameomba asitupe yeye. Udongo wa kwanza utatupwa na Mayu Minza Kabula. Amekaa kule mwisho, karibu na uzio, kwa kuwa alipofika hakuna aliyempa kiti mbele. Tafadhali mpisheni apite.

Valerian mwana wa Ngusa na Lusia, Mungu aliyekuumba akupokee ulivyo, na akupe pumziko lisilo na maumivu tena.